TAHADHARI: Kuna fundi Lubumbashi anauza RAID ya uongo

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa nyinyi wenye studio za picha na fotokopi huku kwenye komini za Kenya, Kamalondo na Katuba: kuna fundi anazunguka kwenye WhatsApp akiahidi "kompyuta isiyopoteza kitu". Hana duka, anakufuata kwako. Anafunga diski mbili kwenye kompyuta ya mezani, anasema ni RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, eti moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Anachukua dola zake, anaenda. Mashine zake zimeanza kufika mezani kwangu, wenyewe wameshika kichwa.

Mteja analipia RAID 1, yaani kila faili inaandikwa kwenye diski zote mbili. Yeye anaweka RAID 0, inayokata faili vipande na kuvigawa huku na huku. Diski moja ikifa, iliyobaki ina vipande tu, picha hazifunguki. Na mteja hashtuki mapema, kwa sababu RAID 0 inaonyesha nafasi kubwa na mashine inakimbia vizuri. Papa mmoja alikuwa anajisifia tera 4 zake mpaka picha za ndoa za watu zikapotea. Sasa anakimbizana na maharusi.

Kumkamata ni rahisi. Diski mbili za tera 2 zikiwa RAID 1, Windows inaonyesha kama tera 1.81. Ukiona 3.63, umeshapigwa. Kisha kabla hujalipa, na kabla hujaweka kazi zako, weka faili za majaribio, zima mashine, chomoa umeme, toa waya wa diski moja, uwashe. Faili zifunguke kama kawaida. Fundi akianza kulia mambo ya garanti, pesa ibaki mfukoni. Ukirudisha waya, diski itanakiliwa upya na inaweza kuchukua saa nyingi, usimkubalie aharakishe.

Tena diski zenyewe ni za zamani. Moja niliyoifungua lebo yake inang'aa, ila kona imenyanyuka. Nikaivuta kwa ukucha: chini kuna lebo nyingine, yenye namba ya seri tofauti! CrystalDiskInfo, programu ya bure, ikasoma zaidi ya saa 31,000 za kazi. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760, piga hesabu mwenyewe. Na hata saa zikisoma sifuri usitulie: mwanzoni mwa 2025, Ulaya waligundua diski za Seagate zilizotumika, wauzaji wamefuta saa zake na kuziuza kama mpya. Kwa Seagate, omba fundi wako asome pia FARM, kumbukumbu ya kazi ambayo diski inajiwekea yenyewe, kwa programu ya smartctl, ndiyo iliyowaumbua wale.

Hata RAID 1 ya kweli haikuokoi ukifuta faili kwa bahati mbaya, maana inafutika kote kuwili. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje, nje ya hiyo kompyuta.

Kama una mashine yake na bado inawaka, nakili kila kitu leo. Kama imeshagoma, izime, usiformati, usikubali kuunda RAID upya, na kabla ya kutoa diski andika kwa kalamu ipi ilikuwa kwenye waya upi.