Seti ya ambreyaji inayouzwa Birere, Goma: vitesi gani inaponya, vitesi gani haigusi

Seti tunayoipima hapa, ya ambreyaji (klachi), ni ya pikipiki za cc 100 hadi 150, zile ambazo wamotari wa Goma wanapandia kila siku: Boxer, TVS HLX, na za Kichina zenye moteri ya mtindo wa Honda CG125. Kwenye mfuko mna disiki zenye garnitiri, yaani vipande vya msuguano (mara nyingi nne au tano), disiki za chuma zinazokaa katikati yake, na resori (springi), kwa kawaida nne. Ukiichagua vizuri ni pyesi nzuri, na tunaipendekeza. Lakini pale Birere, mtaa wa biashara wa Goma, inauzwa kama dawa ya kila vitesi (gia) inayokataa kuingia, na hapo ndipo pesa ya motari inapotea bure.

Kabla ya kununua, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, moteri imezimwa. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukiingiza vitesi moja baada ya nyingine. Usipolizungusha, meno ya pinyoni (magurudumu ya meno ndani ya moteri) yanaweza kukutana ncha kwa ncha na vitesi ikakataa hata kama hakuna ubovu. Zikiingia zote vizuri hivyo, kisha zikakataa moteri ikiwaka na ambreyaji imevutwa mpaka mwisho, basi ambreyaji haiachii. Dalili nyingine ya kosa hilohilo: umesimama katika foleni na umeivuta kabisa, lakini pikipiki inataka kutembea, na nyutro haipatikani mpaka uzime.

Hata hapo usikimbilie seti. Pima kwanza uhuru wa mkono wa ambreyaji, yaani unavyocheza kabla kebo haijakaza, kwenye ncha yake: milimita 10 hadi 20 zinatosha. Ukizidi hapo, disiki haziachani hata ukivuta mpaka mwisho. Ukikosekana kabisa, zinabanwa nusu wakati wote na kuungua. Kebo ya Goma inakula vumbi jeusi la volkeno. Ichomoe, ioshe kwa petroli, itie mafuta, na uangalie kama nyuzi zake zimeanza kukatika karibu na kichwa. Kazi hii haifiki nusu saa, na mara nyingi inamaliza ugonjwa.

Vitesi zikiwa ngumu hata moteri ikiwa imezimwa, seti ya ambreyaji haina lolote la kufanya. Anza na selekteri (kanyagio cha kubadilisha vitesi). Katika vijia vya Majengo na Ndosho, jiwe la lava likipiga kanyagio linakipinda mpaka kinagusa kava la moteri, au linapinda mhimili wake unaoingia ndani. Kanyagio kikishuka lakini mhimili hauzunguki, meno ya kukishikilia yamelika: kaza bulonti yake, na kama bado kinateleza, badilisha kanyagio. Kikishuka na kisirudi chenyewe, tafuta resori ya kukirudisha, huenda imekatika au imetoka mahali pake.

Kuna pia vitesi inayoruka yenyewe, kwa mfano ya pili inatoka ukiwa kwenye mpando na abiria wawili. Hapo meno ya pinyoni yameviringika, au fursheti (uma unaosukuma pinyoni) imepinda, au resori ya kufunga vitesi imechoka. Hiyo ya mwisho inafikiwa upande wa kava bila kupasua moteri. Mbili za kwanza zinahitaji moteri kufunguliwa katikati. Fundi anayekuuzia disiki kwa ugonjwa huu, mwachie disiki zake.

Seti inastahili bei yake hasa pale ambreyaji inapoteleza. Kwa vitesi ya juu, ongeza gesi ghafla: moteri ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, garnitiri imekwisha au resori zimelegea. Magunia ya makala (makaa) na tabia ya kwenda na ambreyaji iliyovutwa nusu nyuma ya malori ndivyo vinavyoimaliza. Ukifungua, disiki za chuma zenye rangi ya bluu zimeungua.

Sasa dukani. Mfuko usio na jina si lazima uwe mbaya, ila unataka macho. Weka kila disiki ya chuma juu ya kioo: ikicheza, imepinda, irudishe. Simamisha resori zote pamoja, lazima ziwe na urefu mmoja, na ziwe sawa na zako za zamani au ndefu kidogo, maana za zamani hujifinya. Pitisha kucha ukingoni mwa vipande vya garnitiri. Kikiinuka hata kimoja, weka chini seti hiyo, kwa sababu kitabanduka ndani na kwenda kuziba chujio la mafuta. Kwa moteri za mtindo wa CG125, disiki mpya yenye garnitiri ina unene unaokaribia milimita 3, na ikifika 2,6 ni ya kutupa. Nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene). Udhaifu mkubwa tuliouona katika seti za bei ya chini ni resori: disiki zinafaa, resori ni laini. Ukiwa na resori za zamani zenye urefu mzuri, rudisha zako.

Na seti hii ina upungufu mmoja ambao muuzaji hausemi: haina kloshi (bakuli la chuma linalobeba disiki). Masikio ya disiki hugonga kuta za kloshi na kuchimba vijishimo. Ukiweka disiki mpya katika kloshi ya namna hiyo, zinakwama vijishimoni na vitesi zinabaki ngumu kama jana. Alama ndogo zilainishwe kwa tupa nyembamba. Zilizozama zinataka kloshi nyingine. Mwambie fundi akuonyeshe kloshi kabla hajafunga.

Katika kufunga, disiki za garnitiri zilowe ndani ya mafuta ya moteri saa kadhaa, usiku mzima ni bora. Zikiwekwa kavu zinaweza kuungua mapema. Anza na garnitiri, fuata chuma, umalize na garnitiri. Bulonti za resori zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa ufunguo mfupi, maana nguzo zinazozishika ni za aluminiamu na zinakatika kwa fundi mwenye haraka. Karatasi ya kava iwe mpya, na mabaki ya ile ya zamani yakwanguliwe yote, la sivyo mafuta yatatoka.

Mafuta yenyewe yawe ya pikipiki, yenye alama JASO MA au MA2 (kipimo cha Kijapani cha mafuta ya pikipiki) kwenye kopo, ya uzito wa 20W-50 ikiwa ndiyo moteri yako inayokubali. Yale ya gari yanayojisifu kwamba yanapunguza matumizi ya petroli mara nyingi yana dawa za kulegeza msuguano, na ambreyaji hii inaishi kwa msuguano, ikiwa imezama ndani ya mafuta hayo hayo. Hata disiki njema kabisa inaweza kuteleza humo. Kiasi ni karibu lita 1, lakini fuata alama ya kijiti, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Baada ya siku mbili tatu za kazi, rudia kupima uhuru wa mkono wa ambreyaji, kwa kuwa disiki mpya zinajilaza na kipimo kinabadilika. Na ukimwaga mafuta hayo ya kwanza, yapitishe kwenye kitambaa cheupe: unga mweusi laini ni wa kawaida, vipande vya garnitiri vinamaanisha kava lifunguliwe tena siku hiyohiyo.