Hesabu za mwisho za punguzo la umeme: tathmini ya kampuni inayotuhudumia

Mpango wa serikali ya Uingereza wa kuwapunguzia wafanyabiashara bili za nishati ulianza tarehe 1 Aprili 2023, ukakoma tarehe 31 Machi 2024. Wengi wetu tulidhani mambo yameishia hapo. Kumbe punguzo tulilokuwa tukiliona kwenye ankara lilitolewa kwanza na kampuni ya umeme, ambayo baadaye iliidai serikali fedha hizo, na dai lililotokana na makadirio ya mita lilipaswa kusahihishwa usomaji halisi ulipopatikana. Ninachotathmini hapa ni jinsi kampuni inayoliuzia umeme duka langu la dobi ilivyofunga hesabu hizo.

Ankara ya Machi 2024 ilikadiria kwamba tumetumia uniti 4,200. Jioni ya siku ya mwisho ya mpango nilikuwa nimepiga picha ya mita, na tarakimu zake zilionyesha kwamba matumizi ya mwezi ule yalikuwa uniti 3,600 tu. Niliituma picha hiyo wiki ileile, lakini ankara iliyosahihishwa ilifika Agosti. Miezi minne ni mingi mno kwa kazi ambayo ushahidi wake uko mezani.

Nilipoifungua, kilichonishtua ni mstari mmoja uliosema kwamba ninadaiwa pauni 11.77 za marekebisho ya punguzo, bila maelezo yoyote. Nilipiga simu nikiwa nimeudhika, maana niliona ninanyang'anywa nilichokwisha kupewa. Dada aliyepokea, na ninamshukuru kwa dhati, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitumia karatasi ya mahesabu yenye usomaji wote wawili, uniti 600 zilizozidi, na kiwango cha punguzo nilichostahili kwa mkataba wangu, yaani pauni 19.61 kwa kila megawati-saa (uniti 1,000), ambazo ni karibu pensi 2 kwa uniti. Nilizidisha mwenyewe kwa kikokotoo nikapata pauni 11.77 kamili. Gharama ya uniti hizo 600 nayo ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo kwa jumla kampuni ilikuwa inanidai kidogo kuliko mwanzo.

Kwa upande wa usahihi, sina lawama hata moja. Fedha za punguzo ni za umma, na kampuni haikupaswa kubaki na malipo ya umeme ambao haukutumika. Imeyarekebisha hata pale ambapo mteja angeweza kukasirika. Kasoro iko kwenye uwazi. Karatasi ile ingeambatishwa na ankara tangu mwanzo, simu yangu isingekuwa na sababu, wala za wateja wengine wanaoona deni linalohusu mpango uliokwisha kufungwa. Mwenye tanuri la mikate, au mwenye vyumba vya baridi, anaweza kukuta tofauti kubwa zaidi ya yangu, na yeye hatatulizwa na mstari mmoja.

Nimehuisha mkataba nao mwezi Septemba. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewaandikia kwamba nitaiongeza siku nitakapopokea ankara ya marekebisho iliyoambatana na usomaji wa mita, bila mimi kuuomba.