Kibanda cha video cha Langoni, Alhamisi ya basketi: nendeni mapema mkae benchi la mbele

Nshataka kuandika hii kitambo manake kila mtu akija Lamu anauliza pa kula samaki na mashua za kwenda Manda, hakuna anayeuliza pa kutizama basketi, na pahali papo jamani. Ni kibanda cha video cha kawaida huko Langoni, ukitoka sokoni waingia kichochoroni mpaka uone mlango wa bluu una pazia. Wikendi ni mpira wa miguu kama kila kibanda, lakini Alhamisi baada ya isha ni NBA tupu, ile ligi ya basketi ya Marekani, mechi alizodaunlodi mwenyewe, kwa sababu laivu huku kwetu zinaangukia saa nane saa tisa usiku na watu wana kazi asubuhi. Mlangoni bob 30, wakaa masaa mawili mazima.

Sasa kinachofanya nirudi kila wiki si tivi, tivi ni ya kawaida tu na ina mstari wa kijani pembeni. Ni vile mwenye kibanda anavyoonesha. Ana rimoti kaifunga nailoni, mchezaji akishika mpira anasimamisha picha na kuuliza benchi zima, "Hii nafasi ya shuti anajitengenezea au anatengenezewa?" Watu wanainua mikono, wanabishana, ndo anaachia tuone. Nimetizama basketi tangu niko shule ya msingi na wallahi sikuwahi kuiona hivi.

Alhamisi yangu ya kwanza alianza na Klay Thompson wa Golden State, mechi ile ya Desemba 2016 dhidi ya Indiana, pointi 60 kwa dakika 29. Vijana wakapiga kelele huyu ndo mfalme wa shuti. Akawaambia haya, hesabuni anaudunda mara ngapi. Mechi nzima mara 11! Yaani mpira ukimfika ushatoka. Ni ufundi mkubwa na simdharau hata kidogo, kukimbia vile bila mpira kunachosha kuliko kudunda, lakini kuna mwenzake amemuekea skrini, yaani kasimama kumzibia njia anayemkaba, na mwengine amempasia mahali pake, kwa hivyo anatengenezewa. Swali langu mimi ni zimebaki sekunde sita kwenye ile saa ya sekunde 24 za kurusha shuti, pasi hakuna, na mtu kakuganda kama kupe, utafanya nini?

Hapo ndo akaweka James Harden wa Houston, msimu wa 2018-19, wastani wa pointi 36.1 kila mechi. Wengi husema yule anaboesha, dunda dunda dunda wenzake wanne wamesimama wanamtizama, na mimi pia nlikuwa nasema hivyo. Lakini akairudisha polepole akaweka kidole kwenye kioo, pale kwa kiatu cha difenda, yule anayemzuia, si kwa Harden. Difenda anaogopa kupitwa anarudi nyuma, uzito wote unaingia kisigino, na nukta ile ile Harden naye karuka nyuma upande wake. Mmoja aenda huku mwengine huku, hapo katikati pamezaliwa nafasi ya mita nzima na hakuna aliyempa, kaitoa kwa yule yule anayemzuia. Akairudia mara nne na kila mara kisigino ni kile kile.

Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City ni kinyume, hana haraka. Msimu wa 2024-25 aliongoza ligi kwa pointi 32.7, akawa MVP, yaani mchezaji bora, akabeba kombe na MVP ya fainali juu yake, na ukimtizama waona kama anatembea. Sisi wa Lamu hii twaijua. Ukikutana na punda kabeba mchanga kichochoroni hupiti kwa nguvu, wasubiri ajipinde bega moja ndo unateleza. Shai ndo vile, anafunga breki difenda anampita mwenyewe, kisha anainuka pale karibu na mstari wa faulo peke yake kama yuko mazoezini.

Kwa Kevin Durant ndo tuligombana na mwenye kibanda mpaka kahawa ikapoa. Yeye anamweka namba moja manake hakuna anayeifikia shuti yake. Mimi nasema kaka, mtu ana karibu futi 7 anainua mikono tu, kutozuilika ni kitu kimoja na kutengeneza ni kitu chengine. Jalen Brunson na futi 6 na inchi 2 zake anapata shuti ndani ya msitu wa watu warefu kwa kugeuza mguu mmoja, kwangu huyo kafanya kazi zaidi.

Lakini wa kwanza wangu ni Kyrie Irving wa Cleveland, na sitabadilisha. Gemu ya saba ya fainali 2016, Cleveland na Golden State, 89 kwa 89, chini ya dakika moja. Ilikuwa Ramadhani, mechi ilianza saa tisa usiku tuko macho kwa daku, nikatoka kwenda alfajiri nikarudi mbio nikaikuta dakika ya mwisho. Wale ninaobishana nao husema mwenzake J.R. Smith aliweka skrini, kwa hivyo alisaidiwa. Kweli, skrini ilimchagulia Stephen Curry wa Golden State amkabe. Lakini baada ya hapo ni wao wawili tu, anaudunda kati ya miguu, hatua moja kulia, Curry yuko usoni kabisa, na ile shuti ya pointi tatu ikaingia. Alhamisi ile iliposimamishwa pale pale mpira uko juu, kibanda kizima kilinyamaza, na kila mtu ashajua imeingia.

Mabaya nayo niseme. Mabenchi ya nyuma hamuoni miguu, na bila miguu hujaona kitu. Stima ikikatika, na hukatika, pesa hairudi, hiyo si haki, angeturuhusu kuingia wiki inayofuata bure. La kuniuma zaidi, dada yangu mdogo anacheza basketi shuleni kwao, ana krosova, ule mdundo wa kubadilisha mkono ghafla, nzuri kushinda yangu, na hakuna pa yeye kukaa mle, ni wanaume mpaka mlangoni. Nishamwambia mwenye kibanda aweke hata Jumamosi moja alasiri ya wasichana, akasema atafikiria, na mimi nitamkumbusha kila wiki.

Kahawa tungu na kashata zauzwa hapo nje. Wiki ijayo ni Dirk Nowitzki wa 2011, ile shuti yake ya mguu mmoja. Mkitoka isha msikae kupiga soga, benchi la mbele linajaa haraka.