Kibano cha Bergeon 7825 na masikio ya Tudor yangu: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo itakayomkimbiza mtu. Kibano cha Bergeon namba 7825 kinauzwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na hapo bado hujalipia kukifikisha Dar es Salaam. Kwa fedha hiyo unaweza kupata saa ya Seiko iliyotumika, ukavaa na ukasahau habari za kibano. Na chenyewe kinafanya jambo moja tu: kinaminya ncha mbili za pini ya mkanda wa saa kwa wakati mmoja ili mkanda utoke. Hakifungui mgongo wa saa, hakipunguzi pingili za cheni ya chuma, hakina kazi nyingine yoyote ndani ya nyumba. Hata hivyo nilikinunua, nimekitumia vya kutosha, na bado kiko kwenye droo yangu.

Saa yenyewe ni Tudor Black Bay 58, ile ya milimita 39 iliyotoka mwaka 2018. Hiyo 58 ni ya 1958, mwaka wa saa ya Tudor ya wapiga mbizi iliyokuwa ya kwanza kwao kuhimili maji hadi mita 200. Niliinunua ikiwa imeshavaliwa na mtu mwingine. Kwa mbele ilikuwa haina neno, kioo safi, ringi ya juu safi. Nilipoigeuza na kuchungulia kwa lenzi nyuma ya masikio, yaani zile pembe nne zinazoshika mkanda, nikakuta mistari imejaa. Mingine mifupi, mingine imezunguka tundu la pini kama miale. Mwenye saa wa kwanza alikuwa mtu wa kubadilisha mikanda, na alikuwa na haraka. Muuzaji alishusha bei bila ubishi mrefu, kwa hiyo mimi sina malalamiko, lakini niliweka nia kwamba sitaongeza hata mstari mmoja.

Kwa asiyefuatilia saa hili litaonekana jambo dogo. Si fundi atapiga polishi? Atapiga, na hapo ndipo hasara inapoanza. Juu ya masikio ya Black Bay kuna chuma kilichosuguliwa kwa mistari myembamba, pembeni kuna chuma kinachong'aa, na kati yake kuna ukingo mwembamba uliokatwa kwa mshazari. Polishi ni kuondoa chuma. Ukipiga mara mbili tatu ule ukingo unalegea, kona zinakuwa za mviringo, na saa inaonekana imechoka hata kama inang'aa. Mnunuzi anayejua saa hutazama hapo kabla hajauliza kama mashine inakwenda vizuri. Kwenye dhahabu ni mbaya zaidi, kwa kuwa dhahabu ya karati 18 ni laini na inachukua alama haraka kuliko chuma cha pua.

Sasa kwa nini nisiache mkanda mmoja maisha yote? Wakazi wa Pwani hawahitaji maelezo. Mkanda wa ngozi Dar mwezi wa pili haudumu. Jasho linaingia, unakakamaa, halafu unaanza kunuka na hakuna dawa. Kwa hiyo ngozi naivaa Juni na Julai, au nikipanda Arusha. Siku za joto navaa kitambaa cha nailoni ambacho nakifua kwa sabuni. Harusini, na kanzu, narudisha cheni ya chuma, kwa sababu kanzu nyeupe na nailoni ya kijeshi havipatani, anayebisha na abishe. Hesabu yake ni kwamba mikanda inatoka na kuingia mwaka mzima, na kila safari kuna kipande cha chuma kigumu kinachopita karibu na masikio.

Mkanda hushikwa na pini yenye springi ndani. Kila ncha ya pini ina bega dogo. Unaingiza kifaa chenye ncha ya panda, unalishika lile bega, unalivuta kuelekea katikati ya mkanda, ncha inatoka kwenye tundu. Mkanda wa ngozi au nailoni ni rahisi, kwa sababu ni laini: unausogeza kwa kidole, unaliona bega. Cheni ya chuma ndiyo kazi. Pingili ya mwisho imechongwa ikae baina ya masikio bila mwanya wa maana, na hailegei ukiisukuma. Na ukishatoa ncha ya upande wa kulia, ukahamia kushoto, ile ya kulia inarudi tunduni mwake yenyewe. Unaanza kugombana nayo, mkono unachoka, kifaa kinateleza. Hapo ndipo mistari mingi inapozaliwa.

Kwa miezi ya mwanzo nilitumia Bergeon 6767-F, kijiti chenye panda nyembamba upande mmoja na msumari mwembamba upande wa pili. Bergeon ni kampuni ya Le Locle, Uswisi, ipo tangu 1791, na kijiti hiki utakikuta kwenye meza za mafundi saa wengi duniani. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kibano. Kwa ngozi na nailoni sioni sababu ya kutafuta kingine. Panda yake inaingia bila kulazimisha, mpini hauzunguki mkononi. Kama saa yako haina cheni ya chuma, nunua hicho, funga ukurasa, kanywe chai. Vile vijiti vya bei ya chee vinavyokuja bure na mkanda ndivyo vya kuogopa: panda zake ni nene, zina makali ya kiwandani yasiyosuguliwa, na nyingine chuma chake kinapinda katikati ya kazi.

Kibano kinakuja kutatua lile tatizo la cheni. Kina miguu miwili yenye ncha za panda zinazotazamana. Unaigeuza saa uso chini, unaingiza panda zote mbili kwenye mianya miwili nyuma ya pingili ya mwisho, unaminya. Ncha zote mbili za pini zinaingia ndani pamoja, pingili inashuka yenyewe. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa jinsi kazi iliyokuwa ikinitoa jasho ilivyokwisha kabla sijakaa sawa kwenye kiti. La muhimu kuliko wepesi ni mwelekeo wa nguvu. Kwa kibano unaminya kuelekea ndani, mbali na masikio. Hata mkono ukiteleza, ncha zinaangukia kwenye pingili, na pingili ni rahisi kununua kuliko masikio.

Kasoro zipo. Ncha zake zinabadilishwa, jambo zuri, lakini zile zilizokuja na changu naona ni nene kidogo kwa mwanya wa Black Bay. Zinaingia, ila zinahitaji utulivu. Miguu ni migumu kuminya, na mwenye vidole dhaifu ataona. Tena ni kirefu, kwa hiyo ukifanya kazi usiku chini ya taa moja, mkono wako mwenyewe unakuwekea kivuli pale unapotaka kuona. Mimi nafanya mchana, barazani, meza imetandikwa taulo nene. Taulo si urembo: pini ikiruka kwenye sakafu ya vigae, utaitafuta mpaka adhuhuri. Vipo pia vibano vya kuiga, vya bei ya chini sana. Nilishika kimoja dukani, panda moja imekaa juu kuliko mwenzake. Kwa kifaa ambacho kazi yake yote ni kuminya pande mbili sawasawa, hiyo peke yake inatosha kukirudisha kwenye rafu.

Lakini kibano peke yake hakilindi saa. Kinacholinda ni tepu. Wengi hutumia ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na kwa ngozi inafaa. Kwa cheni ni nene, inajikunja ndani ya mwanya na kukuziba macho. Dawa yake iko Kariakoo kwa mafundi simu: ile tepu ya rangi ya kaharabu wanayobandika kwenye bodi ya simu wakati wa kuchomelea ili joto lisiunguze vipande vya jirani. Jina lake ni Kapton. Ni nyembamba sana, ngumu kuchanika, inaonyesha kilicho chini yake, na ukiibandua haiachi gundi ya kukera. Nakata vipande vidogo kwa wembe, nabandika juu ya kila sikio na mgongoni mwake. Sehemu ya ndani, penye tundu, naibandika cheni ikishatoka, nikiacha tundu lenyewe wazi.

Kabla ya tepu, osha. Kaza kwanza kile kitufe cha pembeni, kisha maji ya bomba, sabuni kidogo, mswaki laini, halafu kausha. Jasho lililokauka na mchanga wa Kigamboni hujikusanya hapo hapo nyuma ya pingili, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha saa. Ukianza kusukuma pingili juu ya uchafu huo, umeshapiga msasa kabla kifaa hakijagusa kitu.

Watu huogopa kutoa mkanda, wakati wa kurudisha wanajiachia. Kwa niliyoyaona, mambo ni kinyume chake. Ile mistari ya mwenye saa wa kwanza iliyozunguka matundu haikufanywa na kifaa, ilifanywa na pini yenyewe. Unaingiza ncha moja, unaiminya ya pili, halafu unaitelezesha huku na huku kwenye ukuta wa sikio ikitafuta tundu. Kila mpapaso ni mstari. Tepu ya ndani inasaidia, ila bora zaidi ni kuilenga pini ikiwa bado imeminywa, uifikishe mbele ya tundu, ndipo uiachie. Kibano kinaruhusu hilo, kwa kuwa kinashika ncha zote mbili mpaka uamue. Kwa kijiti inabidi uingize upande mmoja kwanza na uusimamie kwa kidole gumba. Ikiingia utasikia tik. Usipoisikia, usijipe moyo. Ivute cheni kwa nguvu, uitikise kila upande, ndipo uvae.

Kuhusu kuvuta na kusukuma nilifunzwa na mzee mmoja fundi saa mwenye sanduku la kioo kandokando ya barabara, Posta. Nilimpelekea saa nyingine ya betri, nikamwonyesha na hii.

"Shikamoo mzee. Hii ungeitoaje mkanda?"

"Marahaba. Hii?" Akaigeuza, akaitazama, akanirudishia. "Hii siitoi kwa bisibisi hii, mwanangu. Lete ncha nyembamba nitaitoa. Halafu wewe ukifanya, usisukume. Anayesukuma anateleza kwenda kwenye saa. Vuta uje kwenye mkanda."

Nimesikia watu wakiwabeza mafundi wa barabarani kwamba wanaharibu saa za bei. Mimi naona wengi wanajua kazi, wanakosa ncha tu. Ukiwa na 6767-F yako, nenda nayo, mpe, akufanyie mbele ya macho yako. Si kitu cha aibu.

Pini nazo zitazame. Pini ya kawaida ya dukani huwa na unene wa milimita 1.5 au 1.8, na kwa saa nzito mimi nachukua ile nene, mradi mkanda unaipitisha. Urefu ufuate upana wa baina ya masikio, kwa Black Bay 58 ni milimita 20. Pini iliyopinda au inayosita kurudi ikiminywa, itupe. Bei yake haifiki nauli ya daladala, na saa inaning'inia juu yake. Hii ndiyo raha ya mkanda mmoja mrefu wa nailoni unaopita chini ya saa, mtindo uliotoka kwenye mkanda ambao Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuandikia vipimo mwaka 1973. Pini moja ikikatika, saa inabaki mkononi ikishikwa na ya pili. Tena huna haja ya kugusa pini ukibadilisha rangi, unachomoa mkanda tu.

Wapo wasiohitaji chochote kati ya haya. Rolex nyingi za zamani za michezo zina masikio yaliyotobolewa mpaka nje. Unasukuma ncha ya pini kutokea nje kwa kimsumari, imekwisha. Cartier Santos ya tangu 2018 ina kitufe cha kubonyeza mgongoni mwa mkanda, mtoto anaweza. Na mikanda mingi ya ngozi sasa inakuja na pini yenye kijiti kidogo cha kuvuta kwa ukucha. Sielewi kwa nini saa za bei hii nyingine zote bado zinatufanyisha kazi ya fundi.

Na kama shida yako ni kupunguza pingili, kibano hakitakufaa hata kidogo. Pingili za Black Bay 58 zimefungwa kwa skrubu, na mara nyingi skrubu hizo zimetiwa gundi ya kuzizuia zisilegee. Utahitaji bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wote wa skrubu, na joto kidogo la mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuanza kukaza mkono.