TAHADHARI: Huyu hakuniomba hata senti moja

Naanza na kilichonisukuma kuandika. Juzi rafiki yangu ambaye yuko kwenye programu ya kutafuta wachumba alinitumia picha ya skrini, akauliza: "Huyu unamwonaje?" Jina jipya, picha mpya, kazi mpya. Ila maneno ya utangulizi ni yale yale aliyoniandikia mimi mpenzi wangu wa zamani niliyempata mtandaoni, mpaka nukta: "Mimi si mtu wa maneno mengi, ila nikipenda, napenda." Simu ilinitoka mkononi.

Jina lake siliweki hapa. Kwanza analibadilisha kama shati, pili sitaki kesi. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana hicho habadilishi.

Na tafadhali asije mtu kuniambia sikuchunguza. Nilichunguza sana. Picha zake nilizitafuta mtandaoni kuona kama ameziiba kwa mtu, hazikuwa za mtu. Nilimpigia simu ya video, nikamwambia ageuze uso pembeni, apitishe kiganja mbele ya macho, kwa sababu nilishasoma kwamba siku hizi kuna sura za kutengenezwa na kompyuta na mara nyingi huharibika ukifanya hivyo. Akacheka, akafanya. Kazi aliyosema anafanya, kweli anafanya. Mara ya kwanza tulikutana mchana, mahali penye watu, na nilimwachia dada yangu maelezo yote. Kila kitu kilikuwa sawa. Na pesa? Hakuwahi kuniomba. Mimi ndiye niliyewahi kumkopa, na hakunidai.

Maonyo karibu yote tunayosoma ni ya pesa, na sababu ipo. Mwaka 2022 peke yake, watu karibu 70,000 waliripoti kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kwamba wametapeliwa na wapenzi wa mtandaoni, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Kwa hiyo tumefundishwa swali moja tu: je, huyu mtu yupo kweli? Wangu alikuwepo. Ndiyo maana akapita kwenye chujio kama maji.

Wiki za mwanzo zilikuwa asali tupu. Nikiamka nakuta ujumbe, nikilala nasindikizwa na sauti yake. Wiki ya pili akaanza kusema "nyumba yetu". Wiki ya tatu akapendekeza sote wawili tufute akaunti zetu kwenye ile programu, na akaifuta ya kwake mbele ya macho yangu. Alikuwa na maswali, na alikumbuka majibu. Nilimsimulia mwalimu aliyenidhalilisha mbele ya darasa nikiwa mdogo, na jinsi mama alivyokuwa akinununia siku nzima bila kusema kosa langu. Nilidhani nimepata mtu wa kunisikiliza. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Akiba hiyo aliitumia mara ya kwanza nilipomwambia "hapana". Lilikuwa jambo dogo hata la kusimulia ni aibu: usiku mmoja nilichoka, nikamwomba tusiongee, tuongee kesho. Akasema sawa. Kisha akanyamaza siku mbili. Simu haipokei, ujumbe anausoma hajibu. Mtu aliyekuwa akiniandikia mara hamsini kwa siku, kimya. Siku ya tatu akarudi na sauti ya upole, akasema alihitaji muda kwa sababu nimemuumiza, lakini amenisamehe. Nami nikashukuru! Tangu siku hiyo sikuwahi kukataa simu yake, hata nikiwa kazini, hata nikiwa bafuni. Hakunipiga, hakunitukana. Siku mbili tu za kimya zilitosha.

Baada ya hapo mambo yalikuja kidogo kidogo, kila moja likiwa na sababu nzuri. Tushirikishane mahali tulipo kwenye ramani ya simu, kwa usalama wangu. Akaniwekea mwenyewe, akachagua lile la "mpaka utakapozima". Sikujua kwamba ukimshirikisha mtu mahali ulipo kwenye Google Maps, haoni ramani tu, anaona na chaji ya simu yako. Nilijua siku niliyotaka kupumzika saa mbili kwa shangazi, nikazima sauti, na baadaye nikamwambia simu ilikuwa imeisha chaji. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Asilimia sitini na tatu," akasema. Basi. Hakugomba, hakuongeza neno, akaendelea na mambo yake. Nilihisi baridi mgongoni, lakini mdomo wangu ukaomba msamaha.

Marafiki nao wakaanza kupungua. Hakuniambia niwaache, hilo ningelikataa. Alikuwa akiuliza tu, kwa taratibu: "Hivi huyu naye anakutakia mema kweli?" Halafu anataja jambo ambalo huyo rafiki aliniandikia kweli, kwa maneno yake karibu yote, na mimi nashangaa nilimsimulia lini. Nilijua sina kumbukumbu nzuri. Yeye alikuwa akinikumbusha kila mara kwamba sina kumbukumbu nzuri.

Sasa nije kwenye tiki za bluu za WhatsApp, zile za kuonyesha ujumbe umesomwa, maana hapa ndipo naomba msome polepole.

Rafiki yangu mmoja, aliyebaki, alinilalamikia kwamba nasoma jumbe zake usiku na sijibu. Nikamwambia nilikuwa nimelala. Akabonyeza taarifa za ujumbe ule, akanionyesha: umesomwa saa nane na dakika kumi na nne usiku. Nikakataa. Akanionyesha mwingine, wa saa tisa kasoro. Jioni nikamweleza yule bwana kama kioja. Hakushtuka hata kidogo. Akanishika mkono, akasema hakutaka kunitisha, ila siku alizolala kwangu ameniona mara mbili nikishika simu usingizini, macho wazi, halafu nalala tena. "Una msongo wa mawazo," akasema. "Tutafute daktari pamoja."

Nilimwamini. Usiku uliofuata nikaizima sauti, nikaifungia simu kwenye droo ya kabati, ufunguo nikaufunga kwenye kona ya kanga niliyojifunika. Asubuhi fundo liko vile vile. Nikafungua droo. Ujumbe ambao rafiki alinitumia saa sita usiku, kwa makubaliano yetu, kwenye simu yangu haukuwa na ile alama ya kijani ya ujumbe mpya. Ulikuwa umesomwa.

Nilikaa kitandani muda mrefu nikijiogopa mimi mwenyewe. Sijui kama naweza kueleza hali hiyo kwa mtu ambaye haijamfika. Kuwa na hakika na fundo uliloshika mkononi, na bado ukaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba umechanganyikiwa kuliko kuamini kwamba mpenzi wako ni mwongo.

Rafiki ndiye aliyenambia nifungue WhatsApp, niende kwenye vifaa vilivyounganishwa. Ilikuwepo kompyuta moja. Mara ya mwisho kutumika: leo, usiku. Hapo ndipo nikakumbuka. Miezi minne nyuma nilitaka kuchapisha barua, na mashine anayo yeye. Akafungua WhatsApp kwenye kompyuta yake, nikaelekeza simu yangu kwenye ile alama ya mraba, tukachapisha, nikaondoka. Mlango nilimfungulia mwenyewe, sikurudi kuufunga. Na kompyuta iliyounganishwa hivyo haihitaji simu yako iwe karibu, wala iwe hewani. Anasoma unachosoma, na akikisoma yeye, upande wa pili wanaona umesoma wewe.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuiondoa. Rafiki akanizuia, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akasema: ukimtoa sasa atajua sasa hivi kwamba umejua, na wewe uko peke yako, na ufunguo wa nyumba anao. Wanaoshughulika na mambo haya hulirudia sana hili, kwamba wakati wa kuachana ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa sababu ndipo mtu wa namna hii anapoona anapoteza kile alichokishika. Kwa hiyo wewe unayesoma na umeshtuka, usikimbilie kufuta vitu. Kwanza pata mahali pa kwenda na mtu mmoja anayejua.

Siku tisa nilijifanya hamnazo. Nilichati kama kawaida, nikiandika nilichotaka akisome. Mipango halisi tuliifanya kwa simu ya rafiki. Nilipiga picha ile orodha ya vifaa kila asubuhi kwa simu hiyo hiyo, ili tarehe na saa zionekane, pamoja na jumbe zake. Nilifungua barua pepe mpya kwenye kifaa ambacho hajawahi kukigusa, nikahamishia akaunti zangu huko, nikabadilisha maneno ya siri yote. Hata majibu ya maswali ya usalama nilibadilisha, maana jina la mwalimu wangu yule nilimpa mwenyewe. Siku niliyohama, kitasa kikabadilishwa asubuhi, na vile vifaa na ramani nikaviondoa mwisho kabisa, nikiwa kwa dada na mlango umefungwa. Ilichukua dakika mbili simu kuanza kuita.

Wenye iPhone, tangu mwaka 2022 kuna sehemu inaitwa Safety Check kwenye mipangilio, inakuonyesha nani anaona nini na unaweza kukata yote kwa pamoja. Kwa simu nyingine pitia mwenyewe: ramani, WhatsApp, barua pepe, hifadhi ya picha. Kagua na mkoba na gari, maana kuna vile vifaa vidogo vya kufuatilia mizigo. Tangu 2024 iPhone na Android zote zinaweza kukuarifu kama kimoja kisicho chako kinatembea na wewe, ila usitegemee hilo peke yake.

Kuna mtu ataniuliza: sasa kosa lake hasa ni lipi, si mlikubaliana? Nilijiuliza hivyo nami. Marehemu Evan Stark, msomi wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, yaani kumtawala mpenzi wako kidogo kidogo mpaka asiwe na maamuzi yake, alisema kinachoibwa hapa ni uhuru wa mtu, na kwamba tukihesabu vipigo tu hatutakiona. Uingereza na Wales walilifanya kosa la jinai mwaka 2015, na mtu anaweza kufungwa hadi miaka mitano hata kama hakunyanyua mkono. Ireland na Scotland wakafuata, sheria zao zikaanza kutumika 2019. Kwenye nchi nyingi bado halina jina lake kwenye sheria, lakini kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa ni kosa sehemu nyingi, na ndiyo maana zile picha za kila asubuhi zina thamani. Na wanaume msidhani hayawahusu. Tangu nianze kusimulia, wawili wameniambia yao, na moja lilikuwa baya kuliko langu.

Kwa hiyo ukikutana na mtu mtandaoni, endelea kutafuta picha zake, endelea kukutana mchana. Lakini ongeza na hili: mapema sana, kabla moyo haujazama, mkatalie kitu kidogo. Usitoe sababu. Kisha tazama kinachofuata. Mtu wa kawaida atasikitika kidogo, atasema sawa, na itakuwa sawa kweli.

Nilimwambia hivyo rafiki aliyenitumia ile profaili. Sikutaka amjibu kabisa, lakini ni mbishi, akasema anataka kuona kwa macho yake. Walikuwa wamechati siku nne tu. Saa tatu usiku akamwandikia kwamba leo amechoka, hataweza kuongea, wataongea kesho. Akajibiwa "sawa mpenzi, pumzika". Tukatazamana, nikaanza kuona haya, labda ni mimi ndiye mwenye matatizo.

Mpaka saa tano zilikuwa zimeingia jumbe kumi na moja. Hajafungua hata mmoja, tulikuwa tukizisoma juu juu zinapotokea kwenye kioo. Ya kwanza ilimtakia ndoto njema. Ya saba iliuliza kama kuna mtu mwingine. Ya mwisho ilikuwa fupi:

"Naona bado uko hewani."