Poti ya toni ya No-Load: je, gitaa lako linaihitaji?

Habari zenu wapiga gitaa, karibuni. Hapa mezani nina Telecaster, gitaa la umeme la Fender, iliyofunguliwa, na ninachokichambua leo ni kitu kidogo cha kukaa kiganjani: poti ya toni ya Fender iitwayo No-Load, yaani "bila mzigo", ya kiloomu 250. Poti ni kile kidhibiti kilicho chini ya nobu unayoizungusha, na ya toni ndiyo inayopunguza trebo. Kuanzia 1 hadi 9 inafanya kazi kama toni nyingine yoyote. Ukifika 10 unasikia mlio mdogo, tik, na hapo toni nzima imetolewa kwenye njia ya sauti.

Najua mtauliza: toni ikiwa 10 si tayari imefunguliwa yote? Hapana, na hili tulielewe kabla mtu hajatoa pesa yake. Poti ya kawaida, hata ukiizungusha mpaka mwisho, bado imeshikana na waya wa sauti. Kuna kiloomu 250 za ukinzani, halafu kapasita, halafu ardhi, yaani upande wa saketi ambako sauti inapotelea. Besi hazipiti kwenye kapasita, lakini trebo zinapita bila shida, kwa hiyo kuna trebo inayovuja muda wote unaopiga. Volyumu nayo ina kiloomu 250 zake zinazoshuka ardhini. Njia hizo mbili zikikaa sambamba, pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, inaona kiloomu 125 tu, na namba ikishuka maana yake mzigo umezidi. Toa toni, pikapu inarudi kuona 250. Kila pikapu ina kilele chake, sehemu ya trebo inakong'aa kuliko kwingine, na mzigo ndio unaokibana kilele hicho. Ukiupunguza, kinainuka.

Sasa sikilizeni. Vaeni hedifoni, maana spika ya simu haitawaonyesha kitu. Niko pikapu ya shingoni, ampu safi kabisa. Hii ni 9... Na hii ni 10... Narudia, 9... 10. Msisikilize ukubwa wa sauti, sikilizeni mwanzo wa noti, pale plektra inapouachia uzi. Kwenye 10 noti ina ncha, na nyuzi mbili zikilia pamoja unazisikia kila moja kivyake. Hapa kwenye shingo naipenda mno. Ukipiga solo la sebene au la benga, huku juu, sauti safi bila disto, kila noti inabaki na nafasi yake hata rizimu na besi zikijaa nyuma yako.

Pikapu ya nyuma ni habari nyingine. Pikapu ya daraja ya Telecaster ni kali tangu kiwandani, na toni ikiondoka inachoma masikio, hasa kwa ampu yenye trebo nyingi. Mimi kwenye nyuma narudisha 8 au 7 na kuiacha hapo. Kama wewe unaishi kwenye pikapu ya nyuma na toni yako haifiki 10 hata siku moja, hii poti haina kazi kwako. Usinunue.

Tena wenye Stratocaster, gitaa la Fender lenye pikapu tatu, ya waya za asili, angalieni kwanza. Kwenye mpangilio ule wa zamani toni moja ni ya shingo na nyingine ya kati; pikapu ya daraja haina toni kabisa, inakwenda kwenye volyumu moja kwa moja. Wazo hili lina miaka mingi. Esquire, gitaa la Fender lenye pikapu moja lililotoka 1950, swichi yake ikilala nyuma inairuka toni yote. Na Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, kwenye lile gitaa lake la mistari alibakiza volyumu peke yake, ingawa nobu aliyoifunga imeandikwa "Tone".

Kasoro ya No-Load ni ule mruko. Kutoka 10 kuja 9 sauti inabadilika ghafla, haiteremki polepole. Halafu ukitaka kuiondoa toni katikati ya wimbo, lazima upoteze mahali ulipoiweka. Kwa mtu anayepiga rizimu toni ikiwa 5, kisha zamu ya solo inafika, poti ya kuvuta ni bora zaidi: unavuta nobu juu, toni inaondoka, unasukuma chini, unaikuta 5 yako palepale. Inataka waya zaidi na nafasi ya kina ndani ya gitaa, basi pimeni kwanza.

Kabla hamjanunua chochote, ijaribuni bure. Chomoeni mguu mmoja wa kapasita ya toni, rudisheni kifuniko, pigeni siku kadhaa. Msiguse waya zilizolehemiwa kwenye mgongo wa poti, kwa sababu mara nyingi ardhi ya gitaa zima imekusanywa hapo, na mkiikata mtaletewa mvumo usioisha. Msipoipenda sauti, unarudisha mguu mmoja tu. Na tazameni kebo pia: kebo ndefu ya bei rahisi inakula trebo, na fupi nzuri inaweza kuwapa mnachokitafuta bila kufungua skrubu. Wenye pikapu za EMG za betri, hii haiwahusu. Zile hazisumbuliwi na mzigo namna hii.

Jambo la mwisho ni la ununuzi, na ndilo linalowakwaza wengi huku kwetu, kwa sababu magitaa yetu mengi ni ya bei nafuu kutoka Asia. Poti hii ni ya saizi kubwa, shingo yake ina unene wa karibu milimita 9.5. Magitaa mengi ya bei nafuu yana poti ndogo za milimita 7 au 8, kwa hiyo haitaingia kwenye tundu mpaka lipanuliwe, na kwenye Telecaster unapanua bati la chuma. Tumia tupa ya mviringo taratibu, au mpe fundi. Nobu ya zamani nayo huenda isikae, kwa kuwa meno ya mhimili hayalingani. Nunua nobu pamoja na poti, safari moja.