Muvi za kauboi za zamani: kama hela yako ni ya moja tu, anza na hii

Kabla hujatoa hela geuza kava ya DVD uangalie nyuma, kuna kialama cha dunia chenye namba ndani, ndo namba ya eneo ambalo deki zake zinaisoma hiyo diski. DVD za kwetu Afrika Mashariki ni 5, Marekani 1, Ulaya 2. Mimi niliagiza ya Marekani nikaisubiri wiki tatu, kuiweka tu deki inagoma, muuzaji nikimtumia meseji anasoma halafu kimya, sasa hivi hiyo diski nawekea kikombe cha chai. Ukiona 0 au deki yako inakula namba zote, chukua. Blu-ray zenyewe ni herufi, Afrika ni B.

Haya, namba moja ni High Noon ya 1952 na hapa sibishani na mtu. Ni dakika kama 85 tu, nyeusi na nyeupe. Gary Cooper ndo afande wa mji, kaoa asubuhi ileile na beji kasharudisha, mara inakuja habari kwamba jambazi ambaye afande alimpeleka jela yuko njiani na treni ya saa sita mchana. Basi jamaa anazunguka kuomba watu wa kusimama naye na kila mtu ana sababu yake, kuna mmoja anamtuma mkewe mlangoni akaseme hayupo na yeye kajificha humohumo ndani. Saa za ukutani zinaonyeshwa kila mara, na muda wa kwenye stori unaenda karibu sawa na wa kwako hapo kwenye kochi, mpaka tumbo linakaza. Ila angalia kava iandikwe Gary Cooper, maana kuna nyingine ya jina hilohilo ya 2000 ilitengenezwa kwa ajili ya TV.

Ya pili Shane, 1953, hii ina rangi. Stori unaijua hata kabla hujaiona: mgeni katokea na farasi, wakulima wananyanyaswa na tajiri wa ng'ombe, mgeni hataki tena mambo ya bastola lakini wapi. Risasi humo ni chache, ndo maana ikilia moja unaruka. Mwisho wake watu wanabishana mpaka leo, si tunasemaga staringi hafi? Kaangalie mwenyewe.

The Good, the Bad and the Ugly (1966) naiweka ya tatu kwa sababu ya urefu tu, inakaribia masaa matatu. Ni ya Waitaliano, wameirekodi Hispania, watu watatu wanawinda dola 200,000 za dhahabu zilizofukiwa makaburini na hakuna mwema hata mmoja, hata huyo Clint Eastwood anayeitwa mwema. Ukinunua tafuta spika ya maana, muziki wa Morricone kwenye spika ya simu ni dhambi.

The Searchers, 1956, kwa macho ndo nzuri kuliko zote, ile miamba myekundu ya Monument Valley acha tu. Lakini John Wayne humo ana chuki na Wakomanchi, kabila la wenyeji wa Marekani, mpaka inakera, usianzie hapo.

Stagecoach ya 1939 ukiikuta bei rahisi beba, ila iwe ya 1939 kweli, kuna ya 1966 pia. Yale mapakiti ya muvi 50 kwenye diski chache picha ina ukungu, huoni hata nani kapigwa.